Maji Yaliyopasua Injini

Wasomaji wengi wa gazeti hili wana ndugu au mtoto aliye ng'ambo, na siku hizi wengi wa hao wako katika nchi za baridi kali. Mimi ninaye mmoja. Mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa, alikwenda Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, nchi ya Kanada, mwaka 2018. Mwaka uliofuata alinunua motokaa kuukuu kwa akiba ya miezi kumi na mmoja, maana kazi yake ni ya zamu ya usiku, na saa hizo kusubiri basi kituoni katika baridi ile si jambo la mzaha.

Mwezi wa kumi na mbili akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Kaka," akasema, "gari limepasuka." Nikadhani amegongana na mwenzake. Kumbe gari lilikuwa limesimama tu nje ya nyumba yake usiku kucha, wala halikuguswa na mtu. Lilikuwa limepasuliwa na maji.

Ilikuwa hivi. Tangu mwezi wa tisa rejeta yake ilikuwa ikivuja kidogo kidogo, naye kila alipoona imepungua alifanya kama afanyavyo kila dereva wa kwetu: alichukua jagi, akaenda bombani, akajaza. Hakuna aliyemfundisha vingine. Baba yetu mdogo alikuwa utingo wa lori, naye alitulea katika imani kwamba gari lenye maji ni gari lenye uzima. Usiku mmoja baridi ikafika digrii 27 chini ya sifuri za Sentigredi, na asubuhi fundi akamwonyesha ufa ubavuni mwa injini. Kuitengeneza kungemgharimu kupita bei aliyonunulia gari lenyewe. Likauzwa kama chuma chakavu.

Mwalimu wangu wa sayansi chuoni alipenda kutuambia kwamba maji ni kitu kikaidi. Vitu vingi vikipoa hunywea. Maji nayo hunywea mpaka digrii 4, kisha hugeuka na kuanza kutanuka, na yakiganda hutanuka kwa nguvu ya ajabu. Lita 100 za maji huwa karibu lita 109 za barafu. Mwenye friji yenye sehemu ya kugandishia na ajaribu: ajaze chupa ya soda maji mpaka shingoni, aifunike sawasawa, ailaze humo hata kesho. Ataokota vigae. (Na aiviringishe kwa kitambaa kwanza, nisije nikalaumiwa na akina mama.) Injini ya motokaa imezungukwa na vijia vya maji ndani ya chuma cha kusubu, na chuma hicho hakivutiki kama mpira. Maji yakigandia humo, ama yatapata pa kutokea, ama yatapasua.

Je, watu wa huko hawatumii maji? Wanatumia, lakini huyachanganya na dawa iitwayo ethilini glikoli, ambayo mafundi wetu huijua kwa jina la kulanti. Nusu ya dawa na nusu ya maji, mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka digrii 37 hivi chini ya sifuri. Penye baridi zaidi huongeza dawa ikawa sita kwa kumi. Hapa pana jambo lililonishangaza nilipolisoma: dawa ikiwa tupu, bila maji, huganda upesi zaidi, kwenye digrii 13 hivi chini ya sifuri. Basi mwenye kudhani kwamba kwa kumimina dawa tupu amejikinga zaidi, amejidhuru. Mafundi wanacho kipimo kidogo cha kunyonyea tone na kusoma litaganda wapi. Mdogo wangu angelipima mara moja tu mwezi wa kumi, gari lake lingekuwa hai.

Tena dawa hiyo ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa huilamba ikimwagika, hufa. Mtoto naye aweza kuinywa akidhani ni sharubati, maana hutiwa rangi za kupendeza, kijani au waridi. Onyo hili latuhusu hata sisi tusiojua theluji, kwa kuwa madebe yake yamo katika maduka yetu ya vipuri, na nimeona kwa macho yangu dumu lake tupu likitumiwa kuchotea maji ya kunywa. Lisifanywe hivyo.

Baada ya maji ni oili. Katika baridi kali oili huwa nzito kama asali ya zamani, na injini inayojaribu kuzunguka ndani yake ni kama mtu anayekimbia matopeni. Kwenye kopo la oili kuna maandishi kama 5W-30 au 0W-20. Herufi W ni ya majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi zaidi penye baridi. Oili ya 10W hupimwa uwezo wake wa kuwasha injini kwenye digrii 25 chini ya sifuri, ya 5W kwenye 30, na ya 0W kwenye 35. Oili nzito ya 20W-50, inayopendwa na madereva wengi wa kwetu kwa magari yaliyochakaa, huko yangeganda nayo mpaka mwezi wa nne.

Na betri? Betri hutoa umeme kwa kazi ya dawa zilizo ndani yake, na kazi hiyo hupooza kwa baridi. Kwenye digrii 18 chini ya sifuri betri nzima hupungukiwa theluthi moja ya nguvu zake au zaidi, na saa ileile stata inadai nguvu zaidi kwa sababu ya oili iliyoganda. Ndiyo maana betri za huko huandikwa herufi CCA na namba, yaani nguvu inayoweza kutolewa kwa nusu dakika katika baridi ya digrii hizo 18. Betri iliyojaa haigandi kwa urahisi, bali iliyokwisha umeme huganda kwenye digrii chache tu chini ya sifuri, maana tindikali yake imekuwa karibu maji matupu. Iliyoganda namna hiyo isiunganishwe kamwe na betri ya jirani ili kuazima moto, kwani yaweza kulipuka usoni pa mtu.

Lakini kinachowaokoa kweli watu wa Winnipeg ni waya. Mdogo wangu alipofika mara ya kwanza aliona kila gari lina waya wenye plagi unaoning'inia puani, akadhani nchi nzima inatumia magari ya umeme. Jirani alipomwambia, "Usiku huu usisahau kuchomeka gari," akacheka. Waya huo huleta umeme kwenye pasha-moto ndogo iliyopachikwa katika injini. Mmarekani Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha namna hii mwaka 1949: alitoa bolti moja ya injini, akaweka mahali pake bolti yenye uwazi, na ndani yake waya wa kupasha moto. Vya siku hizi vingi huchovya moja kwa moja katika maji ya injini. Cha gari dogo hula umeme wa wati 400 hivi, chini ya pasi ya nguo, na saa mbili au tatu hadi nne kabla ya safari zatosha. Wenye busara huweka saa ya kuwasha umeme yenyewe alfajiri, ili wasilipie usiku mzima. Kwenye viwanja vingi vya maegesho, kazini na majumbani, kuna nguzo za plagi kama vile kwetu kulivyo na miti ya kufungia mbuzi gulioni.

Kule Yakutsk, katika Siberia, ambako wastani wa Januari unakaribia digrii 40 chini ya sifuri, wana njia zao: blanketi nene juu ya injini chini ya boneti, kioo cha pili kilichogandishwa juu ya kioo cha dirisha, na wengine hawaizimi injini siku nzima. Petroli ya kuchomwa bure namna hiyo sijui nani huilipia kwa moyo mkunjufu.

Petroli yenyewe haigandi katika baridi ya Winnipeg. Kinachoganda ni maji yaliyomo tangini, yanayotokana na mvuke wa hewa iliyo juu ya mafuta. Kwa hiyo tanki lisishuke chini ya nusu. Dizeli ni habari nyingine: ina nta ndani yake, na nta hiyo hushikamana na kuziba chujio, hata ikabidi kuuzwa dizeli maalumu ya majira ya baridi. Matairi hupungua upepo kwa sababu hewa baridi hunywea. Mpira wa kawaida nao huwa mgumu na kuteleza, na jimbo la Quebec limeamuru kwa sheria matairi ya baridi tangu tarehe 1 Desemba hata 15 Machi. Hendibreki isivutwe ikiwa imelowa, maana yaweza kuganda ikagoma kuachia. Maji ya moto yasimwagwe juu ya kioo chenye barafu. Huyo naye atapasua.

Gari likiisha kuwaka, halihitaji kunguruma nusu saa pale pale kama zamani za kabureta. Dakika moja au chache, kioo kikiisha kusafishwa, kisha kuendesha polepole kilometa za kwanza mpaka oili ipate joto. Ila kamwe lisingurume ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na imeua jamaa nzima zikiwa zimelala. Vivyo hivyo mtu akikwama njiani katika tufani ya theluji: asitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, akae ndani ya gari lake, na kabla ya kuwasha injini ahakikishe theluji haijaziba bomba la moshi. Awashe dakika kumi kila saa, afungue dirisha kidogo, azime. Mdogo wangu huweka katika buti blanketi mbili, koleo, mfuko wa mchanga, biskuti, na kopo lenye mshumaa na kiberiti.

Gari la pili alilipata mwaka 2020, nalo bado anaendesha. Januari hii aliniandikia kwamba nje ni digrii 34 chini ya sifuri na limewaka kwa mara ya kwanza. Mama yetu, ambaye hajapata kuona barafu isipokuwa ya kwenye gilasi, hakubali nimsomee barua hizo mara moja tu. Kila asubuhi saa kumi na mbili, ambayo kwa Winnipeg ni saa tatu usiku, kabla mdogo wangu hajaondoka kwenda kazini, huja mlangoni kwangu na kanga yake begani. "Mwulize," huniambia, "kama amechomeka gari."