Meli iliyosoma kurasa za chini ya bahari

Wengi wetu tukitajiwa meli hufikiria shehena, abiria au samaki. Zipo, hata hivyo, meli ambazo shehena yake ni elimu. Mojawapo ni JOIDES Resolution, iliyojengwa mwaka 1978 kwa ajili ya kutafuta mafuta, kisha kuanzia mwaka 1985 ikawa chombo cha wanasayansi. Kwa takribani miaka 40 ilichimba sakafu za bahari kuu ili kujua habari za dunia ya kale.

Meli hiyo ina urefu wa mita 143, na katikati yake umesimama mnara wa chuma unaofika zaidi ya mita 60 juu ya maji. Chini ya mnara huo lipo tundu lililopenya hadi majini. Mabomba ya chuma yaliunganishwa moja baada ya jingine na kuteremshwa humo, kilomita kadhaa, hata yakagusa udongo. Kwa kuwa katika kina hicho nanga haifai, rafadha 12 ziliongozwa na kompyuta ili meli isisukumwe na upepo wala mkondo.

Kilichopandishwa juu ni udongo ndani ya mrija wa plastiki wa karibu mita tisa na nusu. Mafundi waliukata vipande vya mita moja na nusu, kisha wakapasua kila kipande kwa urefu wake: nusu ikapimwa, nusu ikawekwa akiba. Ndani ya udongo huo mna makombe ya viumbe vidogo mno viitwavyo foraminifera. Kemia ya makombe hayo huwaeleza wataalamu hali ya joto la maji zama ambazo viumbe hivyo viliishi.

Safari moja ilichukua takribani miezi miwili, na waliokuwamo walizidi watu 100: wanasayansi, mafundi, mabaharia na wapishi. Kazi haikusimama. Kila mmoja alishika zamu ya saa 12, siku zote saba za wiki. Wapishi waliandaa chakula mara nne kwa siku, kwani chakula cha usiku cha huyu kilikuwa kifungua kinywa cha yule.

Mwaka 2015 meli hiyo ilichimba katika Bahari ya Uarabuni kutafuta historia ya pepo za msimu. Pepo hizo ni jamaa moja na kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi ya mwambao wetu. Anayejua zilivyobadilika zamani huweza kukadiria vyema zaidi mvua za kesho, na hilo ni suala la riziki ya mkulima na mvuvi.

Mwaka 2023 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitangaza kutoendelea kuigharamia, na mwaka 2024 meli ikamaliza safari zake. Hata hivyo, akiba yake ipo katika maghala ya Bremen, Texas na Kochi, Japani, na mtafiti wa nchi yoyote huweza kuomba sampuli.

Basi wazazi, mtoto anayeuliza chini ya bahari kuna nini asinyamazishwe. Ashikilie hisabati, kemia na jiografia. Udongo umekwisha kupandishwa. Unasubiri wa kuusoma.