Kilio cha Lori la Chama

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza, baadhi kwa upole na baadhi kwa maneno makali, kwa nini msimu uliopita lori la chama lilikuwa likipiga kelele alfajiri hata kuamsha watoto, na kwa nini fedha za chama zilinunua mkanda wa feni mara mbili katika muda wa miezi miwili. Ni haki yenu kuuliza, kwani fedha ni zenu. Leo twaeleza jambo lote, pamoja na kosa letu, kwa kutaraji kuwa kila mwenye gari atapata faida.

Yafaa kwanza kujua kazi ya mkanda huo. Mbele ya injini ya lori letu mna puli tatu: ya chini, inayozungushwa na injini yenyewe, ya feni na pampu ya maji, na ya alteneta, inayotia moto katika betri. Mkanda mmoja wa mpira ndio unaoziendesha zote. Ukikatika, maji hayazunguki, injini huchemka, na dereva asiyesimama upesi huweza kuipinda silinda hedi, khasara iliyo kubwa mno kuliko bei ya mkanda. Tena tukumbuke lori hubeba nini. Karafuu zilizoanikwa siku nne tano zikikauka, kisha zikarowa njiani, huvunda na kushuka daraja. Jasho la nyumba nzima hupotea kwa ajili ya kipande cha mpira.

Kelele zilianza wakati wa mvua za vuli. Lori likiwashwa asubuhi yenye umande, na taa zinawaka, lililia. Likishapata moto hunyamaza. Dawa ya kwanza ilikuwa kuupaka mkanda sabuni. Ukanyamaza siku moja, kisha ukalia zaidi. Dawa ya pili ilikuwa mkanda mpya. Huo nao ulinyamaza wiki mbili tu. Dawa ya tatu ilikuwa kuisukuma alteneta kwa mtaimbo hata mkanda ukakaza kama uzi wa udi. Kelele ikapungua, lakini pampu ya maji ikaanza kudondosha, kwa kuwa mkanda uliokazwa kupita kiasi huziua beringi. Tukanunua mkanda wa pili.

Ndipo sisi wa ofisini tulipokosea. Tulimwita dereva mbele ya kamati, tukamwambia kuwa yeye ndiye anayeiharibu mikanda kwa kupandisha vilima na mzigo mzito. Akatujibu kwa adabu, "Mabwana, mkanda huu hauvuti magunia. Unazungusha feni, maji na umeme tu. Tazameni puli." Hatukumsikiliza.

Haikupita wiki, lori likiwa limejaa magunia njiani kwenda Wete, mkanda uliruka kwenye puli katikati ya kilima, na wingu limetanda. Dereva aliona taa nyekundu ya betri imewaka, akazima injini papo hapo. Watu wa nyumba za jirani wakatoka, wakasaidia kuyahamisha magunia barazani kabla ya mvua kushuka. Alhamdulillahi, halikurowa hata moja, na injini haikudhurika. Mtu tuliyemlaumu ndiye aliyetuokoa.

Siku ya pili tulimwita fundi mmoja mzee. Hakushika spana. Aliuliza kwanza, "Bwana Katibu, linaliaje?" Akatufahamisha kuwa mkanda uliolegea hupiga ukelele mrefu, khasa injini ikiwashwa, kwa sababu wakati huo alteneta ina kazi nyingi, bali mkanda uliokwenda upande hulia kwa kukatakata, mfano wa kifaranga. Letu lililia kwa namna zote mbili. Akaurudisha mkanda mahali pake, akawasha injini, na kwa chupa yenye mdomo mrefu akaudondoshea maji kidogo. Kelele ilikatika, kisha ikarudi vile vile. Akasema, "Ungekuwa umelegea tu, maji yangezidisha ukelele. Puli zenu hazikukaa sawa."

Injini ikazimwa. Akaweka ubao ulionyooka juu ya nyuso za puli. Mbili ziliugusa, ya alteneta ilikuwa imerudi nyuma kiasi cha unene wa sarafu mbili. Alipofungua bolti tukaona sababu: pete ya chuma inayoishikilia alteneta mahali pake haikuwamo. Katika matengenezo ya zamani iliachwa nje, na tundu la bolti likapanuka kwa mtikiso. Kila mkanda tuliounua ulivutwa upande, ukaliwa ukingo mmoja, ukalegea, ukalia.

Fundi alitia pete na bolti mpya, akazisafisha puli mafuta na masalio ya sabuni, akafunga mkanda mpya. Akaukaza hata ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu ushuke kiasi cha nusu inchi. Baada ya siku chache za kazi alikuja kuupima tena, kwani mkanda mpya hunyooka kidogo. Tangu hapo lori halijalia.

Basi, wenye magari, shikeni haya. Msipake mkanda sabuni wala mafuta. Huficha ugonjwa, na mafuta huozesha mpira. Mkiufungua mkanda uliokwisha, utazameni: uliong'aa ubavuni uliteleza, ulioliwa upande mmoja ulipindishwa na puli. Msitie mkono injini ikizunguka, na nguo zisizobana, kanzu au kanga, zisikaribie kabisa.

Kamati imemwomba radhi dereva wetu mkutanoni, na maneno hayo yameandikwa katika kitabu cha mikutano ili wajao wayasome. Mkanda mmoja tungeuokoa lau tungemsikiliza anayelala na kuamka na gari hilo. Twawaombeni nanyi mtuwie radhi.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati