Taya la Mtoto, Malaria na Saratani Isiyosubiri

Jino la mtoto wa miaka sita kulegea si habari, hapa Ganze, Kilifi, wala kwingineko. Meno ya utotoni hung'oka, mengine yakaota. Habari ni gego kulegea kabla ya wakati wake, likafuatwa na la jirani yake, kisha shavu likaanza kutuna ilhali mtoto hana homa wala halii kwa maumivu. Wiki haijaisha, uvimbe umepanda hadi chini ya jicho. Wiki ya pili jicho lenyewe linasukumwa nje. Kufikia hapo mzazi wa Bamba au Vitengeni ameshapita kwa jirani mwenye uzoefu, kwenye duka la dawa, huenda kwa mganga, huenda pia zahanati alikopewa dawa ya jipu la jino. Kila mmoja wao amesaidia kadiri ya alichokiona. Lakini hili si jipu. Ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, na katika saratani zote za binadamu hakuna inayojulikana kukua upesi kuliko hii. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Wakati mwingine haianzii tayani. Huanzia tumboni, na tumbo la mtoto kujaa huku viungo vikikonda ni jambo ambalo kwetu hudhaniwa kuwa minyoo, utapiamlo au bandama la malaria. Huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi tisa, wavulana kuliko wasichana. Na kwa Kenya ina makao yake: maeneo ya Ziwa Victoria, Magharibi, na Pwani yetu. Mtoto wa Nyeri au Nyandarua aliyezaliwa na kulelewa huko ni nadra sana kuipata. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo mojawapo ya uvumbuzi mkubwa wa tiba ya karne iliyopita, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake alimwita Denis Burkitt amtazame mvulana wa miaka mitano. Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto, alikuta uvimbe pande zote nne za mataya ya kijana huyo. Jipu halitokei pande nne kwa pamoja. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwingine Jinja mwenye sura ileile. Akaanza kupekua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha ripoti yake ya kwanza. Swali lililomkera lilikuwa: mbona hospitali nyingine zinaona watoto hawa kila mara, na nyingine haziwajui kabisa?

Alituma picha na maswali kwa mamia ya hospitali za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu la Ford na kuondoka Kampala kuelekea kusini mwa bara. Walisafiri takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakipita hospitali zaidi ya hamsini, wakiuliza swali lilelile kwa kuonyesha picha zilezile. Gharama ya safari nzima haikufika pauni 700. Hakuna maabara iliyotumika. Aliporudi alikuwa na ramani: saratani hii haipatikani palipo na baridi wala palipo pakavu mno. Katika maeneo ya ikweta ilikoma kwenye miinuko ya kama mita 1,500. Nchi za joto na mvua, mabonde ya mito, kandokando ya ziwa na ukanda wa pwani ndiko ilikokaa.

Mwaka 1964 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya, Gilbert Dalldorf na Allen Linsell miongoni mwao, walitamka wazi kwamba ramani hiyo ni ya malaria. Burkitt naye baadaye aliukubali mwelekeo huo, na akataja ushahidi ambao sisi watu wa Pwani tungepaswa kuujua shuleni: Unguja na Pemba, ambako kampeni kali ya kupambana na malaria ilikuwa imefanyika, uvimbe huu ulikuwa nadra, ingawa upande wa pili wa maji, bara, ulikuwapo. Hewa ni ileile, samaki ni walewale, na watu ni ndugu. Kilichotofautiana ni malaria.

Wakati huohuo, mjini London, Anthony Epstein alikuwa akipokea vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege moja itue Manchester badala ya London, na kifurushi kikachelewa. Kilipofika, majimaji yaliyozunguka kipande hicho yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliyaweka chini ya darubini, akakuta seli hai zinaelea. Hizo ndizo zilizokubali kukua maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hapo fumbo likazidi. Virusi hivyo vimo katika mwili wa zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani, huenea kwa mate, na watoto wengi wa Afrika huwa navyo kabla ya kutimiza miaka mitatu. Karibu wote hawadhuriki. Iweje basi mtoto mmoja wa Ganze augue, na maelfu wengine wabaki salama?

Jibu limo katika kazi ya chembe B, zile zinazotengeneza kingamwili. Mwili unapovamiwa, chembe hizi huukata na kuuunga upya ukanda wa jeni zake zenyewe kwa makusudi, kama fundi wa cherehani anayekatakata kitambaa hadi nguo imkae mteja sawasawa. Kimeng'enya maalumu ndicho mkasi wake. Kwa mafua, kazi hii huchukua siku kadhaa ikaisha. Kwa mtoto anayeumwa na mbu msimu hadi msimu, vimelea havimtoki damuni. Kazi haikomi, mkasi hauwekwi chini. Siku moja ukanda hukatwa pasipostahili: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike, huungwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na swichi ya kutengeneza kingamwili ambayo katika chembe B huwa imewashwa daima. Kwa kawaida seli iliyoharibika hivyo hujiua. Virusi vya Epstein-Barr huizuia isife, na malaria hiyohiyo hudhoofisha askari wa mwili waliopaswa kuiona na kuiondoa. Malaria haigeuki kuwa saratani, wala saratani hii haiambukizi kwa mbu au kwa kukaa na mgonjwa. Ni mambo matatu kukutana katika seli moja.

Ushahidi ulionishawishi kuliko mwingine ni wa selimundu. Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa wa selimundu, ila hukingwa sana dhidi ya malaria kali. Jambo hilo limethibitishwa vizuri na watafiti wa Kilifi, ambako watoto wengi huzaliwa nayo. Watafiti waliochunguza watoto wa kaskazini mwa Uganda walikuta kwamba wenye jeni hiyo pia huugua Burkitt mara chache zaidi. Mtoto hachagui jeni zake, wala umaskini wa wazazi hauzibadilishi, kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba tofauti hiyo ilitokana na chakula, nyumba au elimu.

Kaskazini mwa Mara, Tanzania, waliwahi kuijaribu dhana yenyewe. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini mara mbili kwa mwezi. Malaria ilipungua, na visa vya Burkitt navyo vikashuka. Baadaye vimelea vikaizoea dawa, mpango ukaisha, na visa vikapanda tena. Watafiti wenyewe walionya kwamba visa vilikuwa vimeanza kushuka kabla ya dawa, na ni haki tuusikie ushuhuda wao pamoja na onyo lake.

Turudi nyumbani. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa Kilifi mwaka 1989 na Kevin Marsh na Norbert Peshu, kando ya hospitali ya wilaya wakati huo. Katika miaka ya tisini, familia za Kilifi zilishiriki katika jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakipungua kwa asilimia 44. Chandarua ambacho leo hugawiwa bure kliniki kina deni kwa akina mama hao. Baadaye watoto wa Kilifi walishiriki pia katika majaribio ya chanjo mbili za malaria, RTS,S na kisha R21, ile iliyojaribiwa kwa watoto 4,800 wa Kenya, Tanzania, Burkina Faso na Mali. Kenya ilipoanza kutoa RTS,S mwaka 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti nyingine za Ziwa, ambako malaria ni nyingi zaidi. Sikatai hesabu hiyo. Lakini Ganze mvua ikinyesha na madimbwi yakijaa, mbu hajui mpaka wa takwimu, na kaunti iliyotoa watoto wake kwa majaribio ina haki ya kusikilizwa kila orodha ya chanjo inapopangwa upya.

Kinga ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Kasi yake, inayotutisha, ndiyo pia udhaifu wake, kwa kuwa dawa nyingi za saratani hushambulia seli wakati zinapogawanyika, na seli za Burkitt hazipumziki. Burkitt mwenyewe, aliyekuwa na dawa chache tu Kampala katika miaka ya sitini, alishangaa kuona nyuso za watoto zikirudi hali yake kwa dozi kidogo, na baadhi yao hawakuugua tena. Katika nchi tajiri, leo hii, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hupona. Hata dawa za bei nafuu kama saiklofosfamaidi huokoa wengi pale zinapoanzwa mapema na kumalizwa.

Tiba hiyo si ya kupewa na kurudi nyumbani jioni. Lazima kipande cha uvimbe kipimwe maabara, maji ya uti wa mgongo yachunguzwe kwa kuwa ugonjwa hupenda kukimbilia kwenye ubongo, na siku za mwanzo mtoto awekewe maji mengi mshipani. Seli zikifa kwa wingi kwa mpigo, takataka zake huziba figo, na mtoto aliyekuwa anapona anaweza kufa kwa sababu hiyo. Kwa wakazi wa Ganze, hii ina maana ya kufika Kilifi, kisha kwenda Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, Mombasa, kukaa huko, na kurudi tena na tena kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo tunapowapoteza. Utafiti uliofuatilia watoto wenye saratani katika Hospitali ya Moi, Eldoret, kati ya 2007 na 2009, ulikuta kwamba asilimia 54 waliacha matibabu katikati. Waliokuwa na bima walifanya vizuri zaidi. Wazazi walipotafutwa na kuulizwa, walitaja kwanza fedha, kisha bima, kisha nauli. Ganze, ambayo kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa maeneo bunge maskini kuliko yote nchini, haiwezi kutarajia majibu tofauti. Mama aliyeacha watoto wengine watano nyumbani, shamba limekauka, akiona uvimbe umeisha baada ya dozi ya kwanza, anaamini mtoto amepona. Si ujinga. Macho yake yanamwambia hivyo, na hakuna aliyeketi naye kumweleza kwamba seli chache zilizobaki hazionekani, na kwamba ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa saratani za watoto unaolenga angalau asilimia 60 ya wagonjwa wapone ifikapo 2030, na Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo. Kwa Ganze, lengo hilo litafikiwa au kukosekana kwenye kiti cha bodaboda na kwenye benchi la zahanati. Nawaomba wauguzi wa Bamba, Vitengeni, Jaribuni na Ganze mjini: mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua kwa siku, magego yanayolegea, jicho linalotoka au tumbo linalojaa ghafla, msimpe dozi ya pili ya antibayotiki mkisubiri kuona. Mwandikieni rufaa siku hiyohiyo. Nawaomba wahudumu wa afya wa jamii mjifunze dalili hizo na muwaulize wazazi mnapopita nyumba kwa nyumba, na mwendelee kuwatembelea waliokwishaanza dawa. Serikali ya kaunti nayo itenge nauli na malazi kwa mzazi wa mtoto mwenye saratani, kwa sababu dawa iliyo Mombasa haimsaidii mtoto aliyekwama Bamba. Na wewe mzazi, mlaze mwanao ndani ya chandarua usiku wa leo, na shavu lake likivimba usisubiri Jumatatu.