Aiskrimu ya Nyumbani na Swali la Mpemba

Jua likiwaka sawasawa, hapa Bigwa hata upepo wa Uluguru hautoshi. Watoto wakirudi shule, wanaomba hela ya lambalamba. Lakini je, mzazi, unajua lambalamba ile imetengenezwa kwa maji gani? Baridi haiui vijidudu vyote. Maji machafu yakiganda ni machafu vilevile. Basi leo tujifunze kutengeneza aiskrimu wenyewe. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba na watoto washirikiane.

Vinavyotakiwa

Maziwa lita 1, sukari kikombe 1 kidogo cha chai, na ndizi mbivu 3 au embe 1 kubwa.

Jinsi ya kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha vyombo vyote na matunda.
2. Chemsha maziwa mpaka yafure, huku unakoroga. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela.
3. Tia sukari, koroga mpaka iyeyuke.
4. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili maziwa yapoe upesi. Yakikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu huzaliana.
5. Ponda matunda, changanya na maziwa.
6. Mimina kwenye chombo chenye mfuniko, weka kwenye friza. Kila nusu saa toa, koroga kwa nguvu, rudisha. Fanya hivyo mara 3 au 4. Usipokoroga, itakuwa ngumu kama jiwe.

Kama huna friji

Usikate tamaa. Nunua barafu, ivunje vipande vidogo. Tia mchanganyiko wako katika kopo safi lenye mfuniko unaobana, kopo ulitie ndani ya ndoo. Lizungushie barafu na chumvi: vikombe 3 vya barafu kwa kikombe 1 cha chumvi. Zungusha kopo, na mara kwa mara lifungue ukoroge.

Chumvi ni ya nini? Maji hugandia nyuzi 0, lakini maziwa yenye sukari yanataka baridi zaidi ya hapo. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya nyuzi 0, na katika kuyeyuka inanyonya joto la maziwa. Angalia sana: barafu ile ya chumvi isiingie kwenye kopo, na usiishike kwa muda mrefu kwani inaunguza ngozi.

Kijana aliyeuliza swali

Aiskrimu imempa sifa Mtanzania mmoja duniani kote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa inakwisha, akayatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye akakuta yake yameganda, na ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa bado hayajaganda!

Akamwuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Wenzake wakamcheka. Lakini hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alifika mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akauliza tena, wakamcheka tena. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika habari zake katika jarida la fizikia la Uingereza. Leo wataalamu wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wengine waliojaribu hawakupata matokeo hayo, na ubishi haujaisha.

Sasa je, nyumbani tutie maziwa ya moto kwenye friji? Hapana. Yatapasha joto nyama na vyakula vingine vilivyomo, navyo vitaharibika. Poza kwanza.

Lakini siku friza ikiwa tupu, jaribuni. Chukueni vikombe viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja cha moto, kimoja cha baridi. Mtoto aangalie saa, wewe uandike katika daftari. Kusoma na kuandika ndiyo kazi yake hiyo. Na mtoto akiuliza swali la ajabu, usimcheke. Mwambie, "Haya, tujaribu."