MFALME WA HISPANIA ALIPOTAWALA MOMBASA



 

Wapenzi wanafunzi na wazazi, hapa Kyela tunajua kuwa wazee wetu walitawaliwa na Wajerumani, kisha Waingereza, mpaka uhuru wa mwaka 1961. Tunaposoma kuwa Meksiko na Peru zilipigana kujitoa katika utawala wa Hispania, tunadhani hayatuhusu. Kumbe Waislamu wa pwani yetu nao waliwahi kuwa chini ya mfalme wa Hispania, na waliasi.

Ilikuwaje? Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, na mwaka 1505 wakaupiga mji na kuuchoma moto. Mwaka 1580 ufalme wa Ureno uliingia mikononi mwa Philip wa Pili, mfalme wa Hispania. Nchi hizo mbili zikawa na mfalme mmoja mpaka 1640. Maafisa wa pwani walikuwa Wareno, lakini mfalme wao alikuwa wa Hispania. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa zama hizo, mwaka 1593.

Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto mdogo, alipelekwa Goa, India, akalelewa na mapadri na kubatizwa kwa jina la Jerónimo. Alipokua alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, lakini mfalme wa jina tu. Inasimuliwa kuwa alionekana akiomba dua kwa Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na kapteni akapanga kumpeleka Goa akashitakiwe.

Agosti 1631 Yusuf na watu wake waliingia ngomeni, wakamuua kapteni na kuiteka ngome. Akatangaza kuwa yeye ni Mwislamu. Mwaka 1632 meli za Wareno zilikuja kuizingira ngome, zikashindwa.

Vijana wangu, mngependa kisa kiishie hapo. Lakini ukweli lazima usemwe. Baada ya ngome kutekwa waliuawa Wakristo wa mji, wanawake na watoto wakiwemo, na hata Waafrika waliobatizwa. Mtume (S.A.W.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na Suratul Maidah, aya ya 8, inatufundisha kuwa kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu. Yusuf alidhulumiwa, hilo ni kweli. Lakini si watoto wale waliomdhulumu.

Na uhuru ule haukudumu. Miji ya pwani haikuwa kitu kimoja. Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wa siku nyingi. Mwaka huohuo wa 1632 Yusuf aliondoka kwa meli, Wareno wakarudi. Ni mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu na majeshi ya Imam Saif bin Sultan wa Oman, ndipo ngome ilipoanguka.

Wareno walibaki Msumbiji, nchi inayogusa ziwa letu hili la Nyasa upande wa kusini mashariki. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, Waislamu na Wakristo wakapigana bega kwa bega, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975.

Basi tujifunze mawili: kukataa dhuluma, na kutodhulumu tunapoikataa. Jirani yako Mkristo, ambaye mashamba yenu ya mpunga yanapakana na mnazikana, hana deni la kapteni wa mwaka 1631.

Allah atujaalie tuwe waadilifu. Amin. Wabillahi tawfiq.