Hadithi Moja au Mbili? Mjadala wa Mashabiki Kuhusu Filamu ya Stargate na Mfululizo Wake wa Televisheni

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiuliza kama Fumo Liyongo wa masimulizi yaliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 ndiye yule yule wa utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, huhesabiwa kuwa ameuliza swali la kitaaluma. Shabiki wa filamu akiuliza kama Kanali O'Neil wa filamu ya Stargate ndiye Kanali O'Neill wa mfululizo wa televisheni uitwao Stargate SG-1, huambiwa kuwa anapoteza wakati. Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Aidha, yanajaribu kuonyesha kwamba mjadala wa mashabiki, ukifuatwa hadi mwisho wake, hutufikisha kwenye suala linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, nalo ni hili: wageni wawili wakikutana, nani hujifunza lugha ya nani?

Matini Zenyewe

Filamu ya Stargate ilitolewa mwaka 1994. Iliongozwa na Roland Emmerich, ambaye pia aliiandika pamoja na Dean Devlin. Ni bunilizi ya kisayansi inayosimulia kuhusu pete kubwa iliyofukuliwa Giza, Misri, mwaka 1928, ambayo hatimaye yagunduliwa kuwa ni lango la kusafiria hadi sayari nyingine. Mtaalamu wa lugha, Daniel Jackson, anaifumbua siri ya alama zake, kisha anavuka pamoja na kikosi cha wanajeshi kinachoongozwa na Kanali O'Neil. Huko wanakuta watu ambao wazee wao walichukuliwa kutoka Misri ya kale, nao wanatumikishwa machimboni na kiumbe anayejiita Ra. Ili kuwaweka chini ya utawala wake, Ra amewapiga marufuku kusoma na kuandika.

Mwaka 1997 ulianza mfululizo wa televisheni uliobuniwa na Brad Wright na Jonathan Glassner. Ulidumu kwa misimu 10 na sehemu 214 hadi mwaka 2007. Emmerich na Devlin hawakuhusika katika kuutunga. Mfululizo unaanza mwaka mmoja hivi baada ya matukio ya filamu, na unajitambulisha kuwa ni mwendelezo wake. Hapo ndipo ubishi unapozaliwa, kwa sababu mwendelezo huo una viraka vinavyoonekana.

Viraka Hivyo ni Vipi?

Viraka vidogo ni vya majina. Kanali wa filamu anaandikwa O'Neil, kwa herufi moja ya L, ilhali yule wa mfululizo ana L mbili. Mwanawe aliyefariki aitwa Tyler katika filamu na Charlie katika mfululizo. Mke wa Jackson ni Sha'uri kwanza, kisha Sha're. Waigizaji wakuu nao walibadilika: Kurt Russell na James Spader waliwapisha Richard Dean Anderson na Michael Shanks. Hata hivyo, Alexis Cruz aliendelea kuigiza kama Skaara, na Erick Avari kama Kasuf. Sura za wawili hao ndizo uzi unaoziunganisha matini hizi mbili machoni pa mtazamaji.

Viraka vikubwa ni vya ulimwengu wenyewe. Katika filamu, sayari hiyo iko mbali kupita kiasi, upande wa pili wa ulimwengu unaojulikana. Katika mfululizo inaitwa Abydos, nayo imo miongoni mwa sayari za karibu. Katika filamu, Ra ni mtu wa mwisho wa jamii inayokufa. Katika mfululizo, yeye ni mmoja tu wa Goa'uld, viumbe mithili ya nyoka waingiao katika miili ya wanadamu na kuitawala, na wenzake ni wengi.

Njia Tatu za Kusuluhisha

Mbele ya viraka hivyo, hoja za mashabiki zaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wapatanishi. Hawa huamini kuwa hadithi ni moja, na kazi ya msomaji ni kutafuta maelezo yatakayoiponya. Kuhusu Ra, kwa mfano, yawezekana kusema kwamba habari zake katika filamu twazipata kupitia Jackson anayesoma maandishi ya ukutani, na mfasiri aweza kukosea. Watunzi wa mfululizo wenyewe walifanya kazi hii ya upatanishi. Ukaribu wa Abydos uligeuzwa kuwa sababu: nyota husogea kadiri miaka inavyopita, na kwa kuwa sayari hiyo ilikuwa karibu, lango liliweza kuifikia bila hesabu mpya, ilhali sayari za mbali zilihitaji marekebisho. Kuhusu L mbili, walijibu kwa mzaha. Katika sehemu moja ya mwaka 1998, kanali anaeleza kuwa yupo kanali mwingine mwenye L moja, tena huyo hana ucheshi hata kidogo.

Kundi la pili ni la watenganishi. Kwao, filamu ni kazi kamili na mfululizo ni kazi nyingine iliyoazima wahusika. Hoja yao inapata nguvu tunapokumbuka kwamba mwaka 2014 ilitangazwa kuwa Emmerich na Devlin wangetengeneza filamu mpya bila kuufuata mfululizo, mpango ambao haukutimia.

Kundi la tatu huangalia wingi na uzoefu. Filamu ni ya saa mbili. Mfululizo uliishi na watazamaji miaka kumi. Kwa hiyo, wanasema, pale zinapopingana, mfululizo ndio utakaoaminiwa.

Msomaji wa jarida hili atatambua kwamba mbinu hizi si ngeni. Wapo waliojaribu kuyapatanisha masimulizi yote ya Liyongo ili wapate mtu mmoja wa kihistoria, na wamemweka katika karne zisizopatana. Wapo wanaosema kila fanani ana Liyongo wake. Wapo pia wanaoupa utenzi mamlaka juu ya masimulizi mengine kwa kuwa ndio uliosomwa zaidi. Kinachobaki kila mara ni kiini kisichoguswa: shujaa asiyedhurika kwa silaha, sindano ya shaba kitovuni, usaliti wa mtu wa damu yake. Kikitolewa hicho, tunakuwa na hadithi nyingine. Swali la kuuliza kuhusu Stargate basi si matini zinatofautiana mara ngapi. Ni hili: je, tofauti hizo zimegusa kiini?

Ufa wa Lugha

Kwa maoni yetu, kiini kimeguswa, na kimeguswa mahali ambapo wanaobishania herufi L hupita bila kutua. Katika filamu, Jackson hawaelewi wenyeji. Wanajeshi wenye bunduki hawana msaada wowote kwa jambo hilo. Anaanza kuelewa pale tu Sha'uri anapomrekebisha matamshi mbele ya maandishi ya kale. Lugha yao ni Kimisri cha kale kilichobadilika kwa muda mrefu, na Jackson alikijua kwa macho bila kukijua kwa masikio, kwa sababu maandishi hayo hayakuonyesha irabu. Mtaalamu aliyetoka duniani anageuka mwanafunzi wa msichana aliyekatazwa kusoma. Kutokana na somo hilo, wanapata habari ya maasi ya kale dhidi ya Ra, na maasi mapya yanapata mizizi.

Sisi tuliosoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu tunalijua tatizo hilo. Katika mazoea ya zamani ya hati hizo, alama moja ilisimama kwa /e/ na /i/, na nyingine kwa /o/ na /u/. Asiyeijua lugha kwa sikio hangeweza kuusoma utenzi ipasavyo, hata angezijua herufi zote.

Katika mfululizo, somo hili linatoweka. Jackson angali anafumbua maandishi, lakini sayari baada ya sayari wasafiri wanalakiwa kwa Kiingereza. Kwa watu wa Abydos, mpatanishi aweza kusema kuwa Jackson aliwafundisha katika mwaka aliokaa nao. Kwa sayari nyingine, hoja hiyo haifiki. Sababu ya kiutunzi inaeleweka: sehemu isiyofika hata saa nzima haiwezi kutumia nusu yake kujifunza lugha kila wiki. Hata hivyo, lililo rahisi kwa mtunzi lina maana yake kwa mtazamaji. Katika filamu, mgeni hufundishwa. Katika mfululizo, mgeni hupokelewa kana kwamba ulimwengu wote ulikuwa ukimngoja katika lugha yake.

Mwandishi wa makala haya amekulia Isiolo, mji ambao Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu hukutana katika soko moja. Huko Kiswahili hakikushuka kutoka mbinguni. Kila mmoja alikitafuta, kwa makosa ya ngeli na kwa kuchekwa, ili bei ya ng'ombe ieleweke na ugomvi upoe. Mtazamaji aliyelelewa katika mji kama huo ana haki ya kuuliza ni nani aliyelipa gharama ya Kiingereza hicho cha sayari za mbali.

Watambaji wa Filamu

Isitoshe, Afrika ya Mashariki imezaa njia ya nne ya kusuluhisha. Wasimulizi kama DJ Afro nchini Kenya na Lufufu nchini Tanzania walizifikisha filamu za kigeni kwa hadhira kwa kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Msimulizi wa namna hii hafasiri tu. Hueleza, hutania, huongeza na huziba pengo. Pale matini zinapopingana, anaweza kuunda daraja lake papo hapo, na hadhira ikamkubalia au ikambishia. Huyu ni fanani kamili, na vibanda vya video ni nyanja ambazo watafiti wa fasihi simulizi wasingestahili kuzidharau.

Hitimisho

Tumeona kwamba mjadala kuhusu mwendelezo ni uhakiki unaofanywa na watu ambao hawakuitwa wahakiki. Wanalinganisha matini, wanapima mamlaka ya mtunzi na wanatetea tafsiri zao kwa ushahidi. Kwa msimamo wetu, filamu na mfululizo vina uhusiano wa masimulizi mawili ya shujaa mmoja, lakini suala la lugha linavitenga kuliko jina lolote.

Funzo hili liwafikie pia wanaotaka kuandika bunilizi ya kisayansi kwa Kiswahili. Katama Mkangi aliiita riwaya yake ya mwaka 1995 Walenisi, jina linalofumba maneno "wale ni sisi". Mtunzi atakayefuata njia hiyo na kuwapeleka wahusika wake kwenye sayari ngeni, na aamue mapema kama wataongea kwanza au watasikiliza kwanza. Uamuzi huo utaamua ni hadithi ya aina gani anayoitunga.