Cheti Ukutani, Mofini Ng'ambo ya Feri

Hoteli za Diani na Galu, pwani ya kusini mwa Mombasa, huenda zimefundisha wafanyakazi wengi wa afya kuliko baadhi ya vyuo vyetu. Semina haziishi: projekta, chai ya saa nne, bahari dirishani, cheti siku ya mwisho, na posho ya nauli, ambayo washiriki huikumbuka hata mada ikishasahaulika.

Sina ugomvi na semina. Tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi na kuisaidia nyumba inayomuuguza, haifanywi kwa huruma pekee. Lazima mtu afundishwe. Na Kenya haikuanza jana. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, kisha ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford Brookes cha Uingereza kutoa diploma. Mombasa ina Coast Hospice, na chama cha hospisi nchini, KEHPCA, kimewafunza madaktari na wauguzi wa hospitali za serikali. Swali ni je, muuguzi akishafuzu, anarudi wapi, na anaruhusiwa kufanya nini?

Tuseme amerudi Galu, na mgonjwa ni mzee mwenye saratani ya koo. Aliyefunzwa vizuri atamwuliza, "Mzee, umeambiwa nini kuhusu maradhi haya?" halafu anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu, kwa sababu mtoto mkubwa wa kiume keshamvuta kando penye mlango: "Sista, tafadhali, usimwambie baba." Hapo slaidi hazisaidii. Jambo hili mtu hulijifunza kwa kukaa mkekani pamoja na mwenzake aliyelizoea, nyumba baada ya nyumba.

Upande wa dawa ni mwepesi zaidi. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hunywewa kila baada ya saa nne. Kipimo cha kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi. Dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile, maana mofini hufunga choo. Hayo ni masomo ya asubuhi moja. Hofu ndiyo inayochukua miaka. Daktari aliambiwa chuoni kwamba mofini ni ya kuogopwa, sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ikamtia hofu zaidi, na sasa mgonjwa aliyebakiwa na wiki chache analindwa kwa bidii asije akawa mraibu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali saba tu kati ya takriban 250 za serikali.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya unga ikachanganywa na maji papo hapo na kutiwa rangi kulingana na nguvu yake, ili ya kijani, iliyo hafifu, isidhaniwe kuwa ile kali. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Huko cheti kilikuja na kalamu. Kwetu muuguzi huja na cheti, kisha hutafuta daktari wa kutia sahihi. Na chupa ikikosekana upande huu, ndugu wa mgonjwa hupanda matatu ya Ukunda, kisha ya Likoni, avuke feri hadi Mombasa.

Mahali pa kujifunzia nje ya hoteli hapakosekani: Msambweni, kusini mwa Galu, ina hospitali ya rufaa ya kaunti na kampasi ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Mwanafunzi wa uuguzi angeweza kupewa wiki kadhaa za kuandamana na wahudumu wa afya ya jamii wa Galu na Kinondo. Nchini wako takriban 100,000. Mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Hao ndio wanaojua nani hajatoka chumbani tangu Ramadhani, na nani analia usiku. Hotelini huwaoni sana, labda kwa kuwa hawana cheti cha kuwafikisha penye vyeti.